Mchuzi wa Mkono Wangu

Kabla sijawa mpishi wa Wataliana nilikuwa mpishi wa arusi. Nilizaliwa Pate, nikaja Lamu kijana, nikaoa, nikapata nyumba ya makuti mtaa wa Wiyoni, na watu wa mjini wakanijua kwa pilau. Lakini arusi zina msimu wake, na msimu ukipita mpishi hukaa kitako akitazama sufuria zake zilizopinduliwa. Kwa hiyo niliposikia kwamba Mtaliana mmoja na mkewe wamekodi nyumba ya kale nyuma ya barabara ya pwani wafungue mkahawa, na wanatafuta mtu wa kupika, nilikwenda bila kumshauri mtu.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Yule Mtaliana aliletwa Kenya kama mfungwa wa vita, akavunja mawe ya barabara huko bara, vita vikaisha yeye akabaki. Mkewe alimfuata baadaye, wakakaa Malindi, kisha wakaja kwetu. Mume alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayependa kuketi na wageni kuliko kusimama jikoni. Mke ndiye aliyekuwa mkahawa wenyewe. Alisema Kiswahili cha haraka chenye makosa, na alipokosa neno alilifanya kwa mikono.

Hakuweka meza ndogo ndogo. Aliweka meza moja ndefu uani, chini ya kivuli cha makuti, na ukutani akatundika mikeka iliyosukwa kijiji cha Kipungani. Aliyekuja alikaa pale palipo na nafasi, karibu na mtu asiyemjua. Chakula kililetwa katika mabakuli makubwa, kila mtu akajipakulia, na mume akapita akimimina mvinyo. Walikuja Wazungu wasafiri, karani wa serikali, maafisa wa polisi kutoka bara, walimu. "Hapa hakuna mteja," mama yule alisema. "Hapa ni familia inakula." Mimi sikuona ajabu. Nilikulia kwenye sinia.

Siku ya kwanza nilimwambia sharti langu nikiwa nimesimama, kabla ya kukubali kiti.

"Mama, mimi ni Mwislamu. Nguruwe simshiki. Mvinyo siumimini wala siupikii. Wageni wako wakinywa ni shauri lao, lakini chungu changu kiwe safi."

"Nguruwe nitamtoa wapi Lamu?" alisema. "Na mvinyo utakaa mezani. Jikoni hauingii." Akaweka mkono kifuani. "Nakupa neno langu."

Jikoni nilimkuta mpishi mwingine, Mkamba, waliyekuja naye kutoka Malindi. Alinizidi umri kidogo. Alikuwa Mkristo, na hakuwa na mtu wa kwao mjini isipokuwa askari polisi wawili watatu. Nilidhani tutagombana, kwa sababu jiko moja halipendi wapishi wawili, lakini yule bwana alikuwa na utaratibu ulionishinda. Kuku hakumgusa mpaka mimi nimchinje. Chupa za mvinyo, zile kubwa zenye tumbo pana zilizovikwa majani ya kusuka, zilipoteremshwa kutoka kwa punda mlangoni, alizipokea yeye na kuziweka chumba cha nyuma, kisha akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kurudi kwenye mboga. Sikuwahi kumwambia afanye hivyo. Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yangu hata kipande cha mkate.

Msimu mmoja wa masika homa ilimlaza. Alikuwa amepanga chumba kidogo chenye joto, hana wa kumpa maji. Nikamchukua nyumbani Wiyoni. Mke wangu alimpikia uji wa mtama na kumfulia shuka, na watoto wakamwita ami, kama wamwitavyo ndugu wa baba yao. Alipopona alimwambia mke wangu, "Bi, sasa nina nyumba Lamu." Tangu hapo Jumapili jioni, baada ya kazi, alikuwa akija kuketi nasi barazani.

Mama wa Kitaliana alinifundisha tambi, na alinifundisha kutia mrihani katika chakula, jambo ambalo mke wangu alilicheka, kwa sababu kwetu mrihani ni wa kusukwa kikuba, wanawake wakajipamba. Lakini chakula kilichotupatia sifa kilikuwa mchuzi wa nyama. Nyama ya ng'ombe ilikatwa vipande vidogo sana, ikapikwa na vitunguu, kitunguu thomu, mafuta ya zeituni na nyanya za mashamba ya Kililana, ikaachwa juu ya moto mdogo tangu asubuhi, nyanya zikiingia mwishoni. Alinionyesha mara moja. Mara ya pili nilikaanga vitunguu kama vya pilau, mpaka vikawa rangi ya kahawa, nikatupia kijiti cha mdalasini. Akaonja, akaonja tena. "Acha hivyo," akasema. Tangu siku hiyo ukawa mchuzi wangu.

Mwanzoni wageni waliula kwa adabu. Halafu, sikumbuki ni baada ya miezi mingapi, mambo yakabadilika. Mabakuli yakaanza kurudi jikoni yamepanguswa kwa mkate. Mimi mwenyewe nilipoonja nilihisi kitu ambacho hakikuwapo zamani, ukali mtamu chini ya nyanya, kama tunda lililoiva sana, ulioshuka hadi kooni na kukaa. Nikadhani mkono wangu umezoea. Nikadhani ndivyo mpishi anavyokua. Yule mama aliniita mezani, akanishika bega mbele ya wageni, akasema, "Huyu ndiye," nao wakanipigia makofi. Siwezi kusema sikufurahi. Nilikuwa nikitembea kurudi Wiyoni nikijiona mrefu.

Nyanya zilikuwa zikiingia chunguni karibu na adhuhuri. Nilipomaliza kuzikoroga nilikuwa nikimwambia mwenzangu, "Niangalizie," nikaenda msikitini, hatua chache tu kutoka pale. Nikirudi namkuta amekaa karibu na jiko na upawa mkononi, chungu kinatokota taratibu.

Mchuzi uliobaki chunguni nilipewa nikaupeleka nyumbani. Watoto waliugombea. Ikawa nikitaka kuupika kwangu, kwa nyama ileile na nyanya zilezile, hautoki. Mke wangu alionja, akatafuta maneno ya kutoniumiza.

"Ni mzuri. Lakini si kama ule wa kazini."

"Umepungua nini?"

"Siyui, Bwana. Huenda ni mai."

Nilimuuliza mwenzangu kesho yake. Alikuwa akimenya thomu. Hakuinua kichwa.

"Mkeo amesema kweli," alisema. "Hapa tunapikia maji ya birika, ya mvua. Kwenu mnachota kisimani, yana chumvi."

Nikabeba maji ya birika kwenye debe mpaka Wiyoni. Mchuzi haukutoka. Akaniambia basi ni moto, seredani ya nyumbani haitulii. Nikabadili makaa. Akaniambia labda sufuria. Alikuwa na subira nami katika jambo lile, akifikiri kweli, akinipa sababu moja baada ya nyingine, na mimi nikimshukuru.

Kisha mjomba wangu akaja kutoka Pate kutibiwa macho. Ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufa. Ni mtu wa msikitini, mtu ambaye akila kwako majirani watajua nyumba yako ni safi. Nilitaka aione kazi yangu. Nikamwomba yule mama, naye akafurahi, akatandika kitambaa cheupe upande wa meza usiokuwa na chupa, akamkaribisha kwa mikono miwili.

Mjomba alilitazama lile bakuli la mchuzi muda mrefu.

"Mwana wangu," aliniuliza kwa sauti ndogo, "hapana kitu ndani?"

"Mjomba, ni mkono wangu mwenyewe."

Akasema bismillahi, akala. Akaongeza. Mwenzangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko akitutazama, na nilipomwangalia aligeuka akaingia ndani. Nikadhani ni heshima, hataki kumkazia mzee macho.

Ilipita kama mwaka. Siku moja mchana walikuja Wataliana wageni, mume na mke, jamaa wa wenye mkahawa kutoka Nairobi. Meza ilijaa. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeokota Kitaliana cha jikoni: maneno ya vyakula, ya vyombo, ya kuamrisha na kusifu, na mengine yaliyokuja yenyewe kwa kusikia kila siku. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninaelewa kiasi gani. Nilikuwa nimeshika sahani ya jibini, nazunguka meza, na yule mgeni wa kike alikuwa akiusifu mchuzi, akiuliza umepikwaje.

Yule mama alimjibu kwa furaha, mumewe akiwa upande wa pili wa meza na wageni wengine. Alisema vitunguu, alisema mdalasini, akanionyesha mimi kwa kidevu. Halafu akasema mvinyo mwekundu, bilauri nzima, nyanya zikishaingia. Alisema huyo mwingine ndiye anayeutia. Kwamba huyu hapa ni Mwislamu na hajui. Nilikuwa nimefika ubavuni pake. Alipomaliza kusema hivyo aliniwekea mkono juu ya mkono wangu, kama afanyavyo siku zote, akauminya kidogo, akatabasamu.

Niliweka jibini mezani. Nakumbuka niliiweka vizuri, katikati, isimzuie mtu. Nikaenda jikoni.

Mwenzangu alikuwa akichuja tambi, mvuke umemfunika uso. Nikangoja amalize, kwa sababu maji ya moto si ya kumshtulia mtu.

"Unatia mvinyo kwenye chungu changu?"

Akaliweka chujio chini. Hakuniuliza nimejuaje.

"Mama aliniambia," alisema.

"Tangu lini?"

"Zamani. Wakati ule wageni walipokuwa wakibakiza. Alisema mchuzi hauna uhai. Akaniambia niutie ukienda kusali."

"Nikienda kusali."

Akaokota tambi moja iliyoanguka.

"Na mjomba wangu? Ulisimama hapo mlangoni."

"Ningemwambia nini mzee wa watu, mbele ya meza?"

"Ungeniambia mimi. Ungeniambia barazani kwangu. Ulikuwa na Jumapili ngapi?"

Alikuwa akijifuta mikono kwa aproni, anaifuta tu, ingawa ilikwisha kukauka. Yule mama akaingia kuulizia tambi, akatuona, na tabasamu likamtoka. Nilimwambia alinipa neno lake. Kwanza alisema mvinyo ukichemka ulevi wote huruka, hubaki harufu tu, hata mtoto mchanga anaweza kula. Nikamwambia sikumuuliza kinachobaki. Akasema hakutaka kunipoteza, na hakutaka kuwapoteza wageni, na kwamba mimi ni mtu wa familia, na ndani ya familia si kila kitu husemwa. Akaanza kulia. Mumewe alikuja akasimama nyuma yake. Alipoelewa jambo lenyewe alimwambia mkewe kitu kwa Kitaliana, polepole. Alisema alikuwa amedhani nilikwisha kuulizwa, nikakubali. Kisha akatazama sakafu. Naamini huyo alisema kweli, lakini hata ukweli wake haukuwa na kazi kwangu wakati ule.

Nilichukua kisu changu cha kuchinjia na upawa wangu wa mti niliokuja nao. Nikapita uani, mbele ya watu waliokuwa wakila, nikatoka.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Aliuliza jambo moja tu.

"Na watoto?"

Akaingia jikoni, akaitoa sufuria niliyokuwa nikiletea mchuzi, akaketi nje kuisugua kwa mchanga na majivu. Aliisugua, akaisuuza, akaisugua tena, mpaka nikamwambia basi. Hakuniangalia. Hatimaye alimpa mwanamke mmoja jirani aitumie kulishia kuku.

Nilikwenda kwa shehe wa mtaa wetu. Akanituliza. Alisema asiyejua hana dhambi, nimwombe Mungu na nisijitese. Maneno hayo niliyatarajia na yalinifaa. Lakini nilikuwa nimewahi kuwaambia watu wa mjini waje wale. Kulikuwa na mwalimu wa madrasa, kulikuwa na jirani mmoja na wanawe, niliowaambia kwa mdomo wangu kwamba chakula hiki ni halali. Nikapita kwao mmoja mmoja. Mwalimu alinishukuru kwa kumwambia, akafunga mlango kwa upole mapema kuliko kawaida yake. Jirani alicheka.

"Wewe mpishi miaka yote hii," alisema, "ulimi wako haukukwambia?"

Swali hilo ndilo lililonifuata kila nilipokwenda. Nilipanda mashua nikaenda Pate, nikambusu mjomba mkono, nikamweleza. Alizungusha tasbihi vidoleni. Mwisho akasema hana kinyongo nami. Kisha, kwa sauti ileile aliyoniulizia mezani, akasema, "Lakini kitu kigeni kikiingia chunguni, mpishi hakiyui?"

Nilimwambia, "Mjomba, mvinyo sijapata kuuonja. Ningeutambuaje? Mimi niliijua ile kuwa ladha ya mchuzi."

Akaitikia kwa kichwa. Sikuona kama ameamini. Na sikuweza kumlaumu, kwa sababu nilipojisikiliza nikisema, nilijiona kama mtu anayejitetea. Hilo ndilo waliloniibia. Dini yangu Mungu ameihifadhi. Ila jina langu la mpishi, na fahari ile ya kurudi Wiyoni nikijiona mrefu, vyote vilitoka kwenye chupa iliyomiminwa nikiwa nimesujudu.

Mwenzangu alikuja nyumbani baada ya wiki kadhaa. Hakuja Jumapili. Alisimama mbele ya baraza bila kupanda, kofia mkononi, na watoto waliotaka kumkimbilia nikawazuia kwa jicho. Mke wangu alimletea kahawa, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akalirudisha sinia ndani mara moja.

"Ndugu yangu," alisema, "nimekuja niseme jambo ambalo sikuweza kulisema siku ile."

"Sema."

"Nilidhani unajua."

Nikamtazama.

"Ulikuwa ukiuliza mara kwa mara kwa nini hautoki nyumbani. Nikafikiri unajua, na unataka nikupe sababu nyingine, ili uendelee na kazi yako na moyo wako utulie. Nikakupa ya maji. Ukaikubali. Nikakupa ya moto. Ukaikubali. Nikasema, huyu mtu hataki kuambiwa."

Alisema bila ujanja. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuwa akidanganya, na hapo ndipo iliponiuma kuliko siku ile ya jikoni. Mtu aliyelala nyumbani mwangu, aliyenawa mikono kwa ajili yangu, aliyefunga nami Ramadhani kwa namna yake, alikuwa akinitazama muda wote huo na kuona mnafiki. Alinivumilia kama mnafiki. Alinipenda kama mnafiki, labda.

"Nilibeba debe la maji kichwani mpaka hapa," nilimwambia. "Mtu anayejua hubeba maji?"

Kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwake. Akaimaliza kwa mkupuo mmoja, akaweka kikombe ukingoni mwa baraza, akamuaga mke wangu kupitia mlangoni. Mke wangu akamwitikia, "Nenda salama, Bwana," si zaidi.

Nilirudi kwenye pilau. Arusi za kwanza wenye shughuli waliweka mtu wa kusimama karibu nami, shangazi au binamu, kwa kisingizio cha kunisaidia. Nilijifanya sioni. Baadaye waliacha, au labda walisahau. Nyumbani sikupika tena nyama kwa nyanya. Watoto waliuliza mara moja tu. Wapo watu wanaodhani ladha ile niliichukia. Laiti ingekuwa hivyo. Ningepewa kuitambua leo, macho yakiwa yamefumbwa, ningeitambua, na sijapata kumwambia mtu jambo hilo, hata mke wangu.

Wataliana hawakudumu. Barabara za bara zilipokuwa na hatari ya mashifta, wale waasi wenye silaha, wageni walipungua, na mume akaanza kuugua kifua. Walifunga mkahawa, wakarudi Malindi. Yule mama alipita Wiyoni kuniaga, lakini mimi nilikuwa Shela kwenye arusi, na mke wangu akamwambia hivyo, na ilikuwa kweli. Ile nyumba ikachukuliwa na mfanyabiashara akaweka misumari na saruji.

Mwenzangu aliondoka baada yao. Sikumwona akiondoka. Siku moja sokoni askari mmoja wa kwao, aliyekuwa akija zamani kula mkahawani, alinisimamisha akaniambia rafiki yangu amepata kazi ya upishi katika shule moja huko kwao, hajambo, ananisalimia, na anauliza watoto.

Nilikuwa nikichagua vitunguu. Nikamwambia, "Msalimie. Mwambie hawajambo."

Akaenda zake. Niliendelea kuchagua, nikitenga vilivyooza, na mpaka leo siwezi kusema kama salamu ile niliitoa kwa moyo au ni adabu tu.